Kileo au Dawa

Waswahili tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wa kumfariji aliyefikwa, nami siupingi unaposemwa matangani. Lakini ukiupeleka mahakamani haupokelewi, kwa kuwa sheria ya barabarani imejengwa juu ya imani iliyo kinyume chake: kwamba ajali nyingi zina kinga, na kwamba aliyeshika usukani ndiye aliyekabidhiwa kinga hiyo. Katika insha hii nataka kufuata uzi mmoja mwembamba wa sheria hiyo. Ni habari ya dereva ambaye hakuonja pombe wala hakuvuta bangi, bali alimeza dawa aliyopewa na mganga ili apone, kisha akajikuta kizimbani. Je, mtu huyo ana hatia? Swali hili ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani, na majibu yake yamekuwa yakibadilika kwa muda wa karibu miaka 100.

Hapo mwanzo sheria iliijua pombe peke yake. Tarehe 10 Septemba 1897, dereva wa teksi mjini London aliyeitwa George Smith, kijana wa miaka 25, aliigongesha teksi yake ya umeme kwenye jengo moja la mtaa wa New Bond. Alikiri kwamba alikuwa amelewa, akatozwa faini, na tangu siku hiyo hutajwa kuwa dereva wa kwanza wa Uingereza kupatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa mlevi. Sheria ya leseni za vileo ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika siku hizo, ilimkataza mlevi kushika hatamu za farasi, kuswaga ng'ombe, kuongoza gari la kukokotwa au kusimamia mtambo wa mvuke. Mtunga sheria wa wakati ule alimwona mlevi kwa macho, akamnusa kwa pua, na hakuhitaji zaidi. Habari ya kidonge hakuwa nayo.

Lakini viwanda vya dawa havikulala. Mwaka 1903 ilitolewa dawa ya usingizi iitwayo Veronal, ya jamii ya babitureti, na mwaka 1912 ikaja Luminal, ambayo hadi leo tunaijua kama dawa ya kifafa kwa jina la fenobabitoni. Watu wakaanza kulala kwa kidonge, na baadhi yao asubuhi wakapanda magari. Bunge la Uingereza lilipotunga sheria kubwa ya barabara mwaka 1930 halikusema tena kileo peke yake. Lilisema kileo au dawa, na likaweka kipimo: kwamba dereva awe ameathiriwa kiasi cha kushindwa kulimudu gari lake sawasawa. Halikueleza ni dawa gani, imetoka kwa nani, wala imemezwa kwa sababu gani.

Maneno hayo machache yalipanda meli yakatufikia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954 chini ya serikali ya kikoloni, iliyachukua takriban kama yalivyo, na yamo katika kifungu cha 44. Tanzania nayo, ilipotunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, iliviweka kileo na dawa bega kwa bega. Bendera ilibadilika na mahakimu wakabadilika, lakini maneno hayo yakabaki.

Hapa, msomaji wangu, naomba tusimame kidogo tutazame lugha, kwa kuwa ndani yake pana mtego. Neno la Kiingereza lililotumiwa na sheria hiyo lina sura mbili: ni dawa ya kuponya, na pia ni kitu cha kulevya. Sisi tuna neno moja zuri, dawa, tulilolipata kwa Waarabu, nalo kwetu ni jambo la heri. Tulipohitaji kutaja heroini na kokeni tuliongeza kiungo tukasema dawa za kulevya, ili kuzitenga na dawa zenyewe. Basi polisi akimwambia dereva wetu kwamba ni kosa kuendesha gari akiwa ametumia dawa, dereva huyo husikia maneno ambayo hayakusemwa. Husikia "za kulevya". Hujiona salama kwa sababu yeye si mvuta bangi. Ukuta ambao lugha yetu imeujenga kati ya dawa njema na dawa mbaya haumo katika sheria iliyotungwa kwa lugha ya watu wengine.

Mjomba wangu aliugonga ukuta huo kichwa kichwa. Alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Mombasa kwenda Malaba, mtu wa swala tano, na katika maisha yake yote hakupata kutia tone la tembo kinywani. Mwaka fulani wa sabini na kitu alishikwa na mzio, mwili ukamvimba. Katika zahanati moja, ambayo jina lake nitaliacha, alipewa vidonge vidogo vya njano vya Piriton. Juu ya bahasha paliandikwa 1 x 3, basi. Aliyempa hakumwuliza anafanya kazi gani. Mjomba alimeza cha asubuhi, akameza cha mchana, na jioni kabla ya kufika Mtito Andei lori likaacha njia, likalala ubavu katika majani. Utingo alivunjika mkono. Polisi walimnusa mjomba wasipate harufu yoyote, lakini alikuwa akijivuta kwa maneno na macho yake mazito. Walipomwuliza alikunywa nini, alijibu kwa moyo mweupe, "Nimekunywa dawa." Jibu hilo ndilo lililomtia hatiani. Alitozwa faini, na leseni yake ikazuiwa mwaka mzima.

Faini aliilipa, na njaa ya mwaka ule aliivumilia. Kilichomwumiza ni mtaani. Habari ilipofika nyumbani haikufika na maneno yote ya kifungu. Ilifika kwa neno moja tu, ulevi. Wapo waliompa mkono msikitini huku wakimtazama kwa chati. Hadi anakufa alikuwa akisema kwamba yeye alihukumiwa kwa kumtii daktari. Kauli hiyo imenikaa moyoni miaka mingi, nami nimejaribu kuipima bila kupendelea damu yangu.

Nikaona kwamba mjomba hakuwa wa kwanza. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya Uingereza, chini ya Jaji Mkuu Lord Goddard, iliamua kesi ya Armstrong na Clark. Mshtakiwa alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini kama alivyoagizwa, sukari ikashuka mno mwilini mwake akiwa kwenye usukani. Hoja ilikuwa kama insulini, dawa inayomweka mtu hai, ni dawa kwa maana ya sheria ile. Mahakama ikasema ndiyo: dawa ni kitu chochote kinachotolewa kwa ajili ya tiba, na sheria haikubagua. Kwa mgonjwa uamuzi huo ni mchungu kama shubiri. Lakini jiweke pia mahali pa mama anayevuka barabara na mtoto. Gari linalomjia lina uzito uleule, iwe dereva amepoteza fahamu kwa gongo au kwa insulini.

Hata hivyo, miaka 5 baadaye, mwaka 1962, ilikuja kesi nyingine ya mwenye kisukari, Watmore na Jenkins, na majaji wakakunja kona kidogo. Huyu naye alikuwa amejidunga insulini yake ya kawaida, lakini alikuwa akipata nafuu kutoka ugonjwa wa ini, na mwili wake ukageuka bila kutarajiwa. Aliendesha kama maili 5 asijue afanyalo. Mahakama ilikubali kwamba haikuwa lazima kusema insulini ndiyo iliyomtawala. Lakini hapohapo ikakataa kumwachilia katika shtaka la kuendesha kwa hatari. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa. Mwaka huohuo Bunge lilibadilisha kipimo chenyewe. Haikuhitajika tena kuthibitisha kwamba dereva alishindwa kabisa kulimudu gari. Ilitosha kwamba uwezo wake wa kuendesha vizuri ulipungua kwa wakati ule.

Miaka hiyo ndiyo vidonge vya kutuliza wasiwasi vilivyoenea duniani. Librium iliingia madukani mwaka 1960, na Valium, ambayo waganga huiita diazepamu, mwaka 1963. Mamilioni ya watu wapole wasiogusa chupa wakawa wanatembea na utulivu wa kununua. Mahakama zikalazimika kuuliza swali gumu zaidi: mtu huyu alijua nini? Mwaka 1973, katika kesi ya Quick, muuguzi mwenye kisukari aliyempiga mgonjwa baada ya kujidunga insulini na kula chakula kidogo mno alifutiwa hatia. Lakini majaji walitahadharisha kwamba anayejiletea hali hiyo mwenyewe, kwa mfano kwa kukataa kula baada ya sindano, asitegemee huruma. Mwaka 1984, katika kesi ya Hardie, mtu aliyemeza Valium za mwenzake baada ya kuambiwa hazina madhara, kisha akatia moto nyumba, naye alifutiwa hatia. Majaji walisema Valium si kama pombe; watu huitarajia itulize, si ichochee. Lakini wakaongeza neno ambalo kila dereva angepaswa kulisikia: kwamba kwenye usukani habari huenda ikawa nyingine, kwa kuwa kitu kinachotuliza ndicho hasa kinachomwua dereva.

Wakati huohuo mambo ya pombe yalikuwa yamepata mizani. Mwaka 1967, Barbara Castle akiwa Waziri wa Uchukuzi, Uingereza ilianza kumpuliza dereva kwenye kipimo, na mpaka ukawekwa kwenye miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Jambo hilo linawezekana kwa sababu alkoholi ni kitu kimoja, hupita mapafuni, na pumzi ya mtu husema ukweli juu ya damu yake. Kidonge hakina pumzi. Vidonge viko mamia, na kila kimoja kina tabia yake. Diazepamu hukaa, nusu yake huweza kuwa bado mwilini baada ya saa 20, na kwa wengine baada ya siku mbili, na mabaki inayogeuka kuwa nayo hufanya kazi pia. Mgonjwa aliyeizoea kwa miaka anaweza kuonekana mzima kwa kiasi ambacho kingemlaza mgeni. Ndiyo maana kifaa cha kupuliza ambacho Wakenya walikibatiza Alcoblow, kilichorudi barabarani kwa kishindo mwezi Desemba 2013, kinaweza kumkamata mnywaji wa bia mbili na kumwacha apite aliyesinzia kwa vidonge.

Ni katika karne hii tu ndipo nchi zimejaribu kuweka mizani hata kwa vidonge. Norway iliweka viwango vya dawa 20 mwaka 2012, lakini mwenye cheti halali cha daktari hapimwi kwa viwango hivyo. Huangaliwa hali yake. Uingereza na Wales zilifuata tarehe 2 Machi 2015. Huko dawa za mitaani ziliwekewa viwango vya chini sana, na dawa za hospitalini viwango vya juu: diazepamu mikrogramu 550 katika lita moja ya damu, mofini 80, methadoni 500, temazepamu 1,000. Aliyezidisha amevunja sheria, aonekane mzima asionekane. Lakini sheria hiyo ilitoa ngao ambayo mwaka 1930 haikuwapo. Mshtakiwa anaweza kusema: dawa hii niliandikiwa, na niliitumia kama nilivyoelekezwa. Akitoa ushahidi wa kutosha, ni juu ya upande wa mashtaka kuivunja hoja yake. Ngao hiyo humtoka mkononi ikiwa alizidisha dozi, au ikiwa aliambiwa asubiri saa kadhaa kabla ya kuendesha naye hakusubiri. Tena si ngao ya kila shtaka: kifungu cha zamani cha kuendesha huku uwezo umepungua kinaendelea kutumika, na kinashika dawa yoyote, hata zisizo katika orodha kama vidonge vya mzio. Tiba ni halali, lakini haigeuzi dereva aliyesinzia kuwa dereva mzima.

Nitoe mfano mmoja wa Marekani, kwa kuwa uligusa jina tunalolijua. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulisaidia kulipia ndege zilizowapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, na wazee wetu wengi hawajalisahau jina hilo. Tarehe 13 Julai 2012, Kerry Kennedy, binti wa marehemu Seneta Robert Kennedy, aliligusa lori kwenye barabara kuu ya jimbo la New York, akaendelea, akakutwa ameinamia usukani. Damu yake ilikuwa na zolpidemu, dawa ya usingizi. Alieleza kwamba asubuhi alikusudia kumeza dawa yake ya tezi, akachukua chupa isiyo yake. Upande wa mashtaka haukubisha kwamba alikosea chupa. Ulisema hivi: usingizi hauji kama radi, alipoanza kuhisi uzito angeweka gari kando. Utetezi ukajibu kwamba dawa ile humwondolea mtu akili ya kutambua kwamba imemshika. Tarehe 28 Februari 2014 jopo la raia sita lilimwachilia.

Ukiziweka kesi hizi zote katika safu moja utaona kwamba mahakama, kwa njia ndefu na yenye makona, zimekuwa zikirudi kwenye jambo moja: aliyemeza alijua nini, au alipaswa kujua nini, na alijulishwa na nani. Nami nikiirudia kauli ya mjomba naona ilikuwa nusu ya haki. Nusu iliyopungua ni ya utingo aliyevunjika mkono. Naye hakuandikiwa dawa yoyote. Dereva aliyehisi kope zinaanguka alikuwa na breki chini ya mguu wake. Lakini nusu iliyo ya haki ni nzito pia. Mtu hawezi kufuata maelekezo ambayo hayakutolewa. Ile 1 x 3 haikuwa maelekezo kwa dereva, ilikuwa hesabu. Utetezi wa Uingereza wa mwaka 2015, tukiutamani, usingemfaa mjomba sana, kwa kuwa unasimama juu ya neno lililosemwa dirishani, na dirishani hapakusemwa neno.

Hata watengenezaji na wasimamizi wa dawa wamechelewa kusema. Zolpidemu iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Ilikuwa mwezi Januari 2013 tu ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoagiza dozi inayopendekezwa kwa wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuona kwamba miili yao huitoa polepole zaidi na asubuhi bado imo kwa kiasi cha kuharibu uendeshaji. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, wapo waliomeza sawasawa na maandishi na bado wakaingia barabarani wamelemewa. Utiifu wao ulikuwa kamili. Kilichopungua ni maandishi.

Ufaransa mwaka 2005 ilianza kuchora juu ya maboksi ya dawa picha ya gari ndani ya pembetatu, kwa daraja tatu: njano kwa tahadhari, rangi ya chungwa kwa anayepaswa kuuliza kwanza, nyekundu kwa asiyepaswa kuendesha kabisa. Picha husomwa hata na asiyejua kusoma. Lakini kwetu boksi halimfikii mgonjwa. Vidonge huhesabiwa, hutiwa katika kibahasha, na boksi hubaki rafuni. Au mtu hununua viwili dukani akavishika mkononi akatoka. Kwa hiyo onyo letu haliwezi kukaa kwenye boksi. Lazima likae kinywani mwa anayetoa dawa, na penseli yake iongeze neno moja chini ya ile hesabu: inasinziza.

Naam, na mwenye usukani naye aulize. Kabla ya kupokea bahasha aseme, mimi ni dereva. Dawa hii inasinziza? Nisubiri saa ngapi? Naweza kuichanganya na ile ninayotumia? Wengi huona haya kumwuliza mganga, kana kwamba kuuliza ni kumtilia shaka. Mjomba alirudishiwa leseni yake, akaendesha lori miaka 14 mingine bila kugusa kitu. Kila alipopewa dawa aliiweka bahasha mezani, akasema kazi yake kwa sauti, na hakuondoka dirishani mpaka amejibiwa.